Usimwambie "tutarudi kesho": kumsaidia mtoto anapohama nyumba

Kila siku ya posho, asubuhi na mapema, kijana wangu wa pili alikuwa anavaa shati lake la shule, anachukua mfuko wake mdogo, anaketi mlangoni. Alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumeshuka Uvira kutoka Bijombo, tukapokelewa na shangazi yake katika nyumba ya vyumba viwili, sisi sote watu tisa. Nikimwambia, "Baba, njoo unywe chai," anajibu, "Hapana mama, leo tunarudi."

Neno hilo nilimpa mimi mwenyewe. Usiku ule tulipotoka kule juu aliniuliza tunakwenda wapi. Kwa haraka na kwa woga nikamwambia tunakwenda kumsalimia shangazi, siku ya posho tutarudi. Nilitaka anyamaze, atembee. Alinyamaza, akatembea usiku kucha pasipo kulia. Lakini mimi niliposahau neno lile, yeye alilishika.

Posho ya nne wifi yangu alinivuta pembeni, jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Wifi, mtoto huyu hatasahau. Amekaa pale anangojea neno lako. Ukiendelea kunyamaza, hata siku ukimwambia ukweli hatakuamini."

Maneno hayo yaliniuma, maana wifi alikuwa na haki. Ndiyo sababu juma hili nimeomba nafasi katika gazeti letu, nizungumze na wamama wenzangu, wale wa kule juu na wale wa huku kando ya ziwa, juu ya mtoto anayehama nyumba. Tunajua kufunga mizigo. Tunajua kubeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Lakini moyo wa mtoto, mara nyingi tunausahau.

Nani hapa hajahama?

Mama mpendwa, hesabu tu nyumba zilizo karibu nawe. Tangu miaka ya 2018 na 2019 vijiji vingi vya Bijombo vilichomwa, na watu wa kila kabila walikimbia: wengine wakajikusanya kule kule juu, wengine wakashuka bondeni, wengine wakaja mjini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulijaa ukaingia mjini Uvira. Watu wengi walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za kandokando. Mwaka 2025 maelfu ya jamaa zetu walivuka mpaka kwenda Burundi.

Tena kuna kule kuhama kwa kimya, kusikotangazwa na redio. Mwenye parsele anataka nyumba yake, nawe huna garanti ya miezi mitatu ya kupata nyingine. Baba amepelekwa kazi mahali pengine. Mjane amefukuzwa na ndugu za marehemu. Binti ametumwa kwa mama mdogo ili asome. Kwa mtu mzima mambo haya ni mbalimbali. Kwa mtoto wa miaka minne ni jambo moja: jana nililala pale, leo nalala hapa, na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Mtoto anapoteza nini?

Sisi tukihama tunahesabu vitu: godoro, mbuzi, mabati, shamba la mihogo. Mtoto hahesabu hivyo. Kwake nyumba ni sauti ya mlango asubuhi, ni njia ya kwenda kuchota maji, ni mahali ambapo nyanya yake anaketi kuota moto, ni rafiki wa jirani anayemwita kwa kupiga mluzi. Vitu hivi ndivyo vinavyomwambia kwamba yuko salama. Vikipotea vyote kwa siku moja, anaona dunia imegeuka.

Na sisi wa Bijombo tunageuziwa dunia kweli kweli. Kule juu, zaidi ya mita 2000, mtoto amezoea baridi, ukungu, maziwa na viazi. Huku chini, kando ya Tanganyika, anakuta joto, mbu, pikipiki zinazopiga honi usiku, na bugali ya mihogo na ndagala wenye macho wanaomtazama ndani ya sahani. Binti yangu mdogo alikataa ndagala mwezi mzima. Wengine walisema ana kiburi. Hakuwa na kiburi, alikuwa hawajui.

Kila umri una namna yake ya kuonyesha uchungu:

Mtoto mchanga hadi miaka mitatu hajui habari za kuhama, lakini anajua mikono inayombeba na harufu ya mama. Mama akiwa na hofu, naye anaisikia. Analia sana, hataki kuwekwa chini, anataka kunyonya kila wakati au anakataa kula.

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anarudi nyuma. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anasema kama mtoto mchanga. Anamfuata mama hata chooni. Na katika umri huu ana mawazo ambayo hatuyajui: anaweza kuamini kwamba tumehama kwa sababu yeye alivunja chungu, au kwa sababu alikuwa mkaidi kwa baba yake.

Mtoto wa miaka saba hadi kumi na miwili anaumwa tumbo asubuhi ya shule, anaumwa kichwa, anapigana na wenzake, anasahau masomo aliyoyajua.

Kijana ananyamaza, au anakasirika kwa neno dogo, au anatoka mapema na kurudi usiku. Yeye ameacha marafiki na jina lake zuri aliloanza kupata kijijini. Asipopata mahali pake nyumbani, atapatafuta barabarani, na barabarani kuna watu wanaomngojea: wa kumtia kijana katika mambo ya silaha, na wa kumwahidi msichana ndoa.

Nataka niseme jambo moja waziwazi. Mtoto anayekojoa kitandani baada ya kuhama, anayeweweseka usiku au anayetazama mbali bila kujibu, si mchawi wala hajalogwa. Ni mtoto mwenye huzuni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kabisa kumshitaki mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Ukisikia jirani au hata mtu wa maombi anaanza kusema hivyo juu ya mtoto mgeni, usinyamaze.

Sema ukweli, kwa maneno machache

Baada ya maneno ya wifi nilimchukua kijana wangu, tukaketi chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Nikamwambia: "Baba, nilikudanganya. Nilikuwa na woga. Hatukuja kumsalimia shangazi. Tulikimbia kwa sababu vita vilikaribia. Nyumba yetu imechomwa. Sijui siku tutakayorudi. Lakini mimi niko hapa, na popote nitakapokwenda utajua kabla."

Alilia siku nzima. Alinipiga ngumi za kitoto mapajani. Nilifikiri nimeharibu. Lakini usiku ule alilala bila kuamka, mara ya kwanza tangu tufike. Posho iliyofuata hakuketi mlangoni. Alikunywa chai, akaenda kucheza.

Tunawadanganya watoto kwa sababu tunawapenda. Tunadhani ukweli ni mzito mno kwao. Lakini mtoto anaona machozi yetu na anasikia tunavyonong'ona usiku. Akikosa maelezo anajitungia yake, na mara nyingi yale anayojitungia yanatisha kuliko ukweli.

Mtoto ana maswali matatu, hata kama hayatamki. Jibu hayo, mengine yatangoja.

La kwanza: tunakwenda wapi? Mwambie jina la mahali, nani anakaa pale, na kama amewahi kumwona. "Tunakwenda kwa mama mkubwa, yule aliyekuletea kanga wakati wa harusi."

La pili: nani anakwenda pamoja nami? Taja watu mmoja mmoja. Kama baba atabaki nyuma, sema atabaki, na sema kwa nini. Usimwache atafute uso wa baba njiani.

La tatu: tutarudi? Hapa ndipo tunapoteleza. Ukijua hamtarudi, sema. Usipojua, sema hujui. "Sijui" ya mama si aibu. Neno "sijui" linalosemwa kwa utulivu, mkono wako ukiwa juu ya bega lake, linamtuliza kuliko "kesho" isiyokuja.

Na kwa mtoto mdogo ongeza neno la nne, hata asipouliza: "Si kosa lako." Mrudilie mara nyingi.

Siku ya kuondoka

Wakati mwingine tunakimbia usiku na hakuna nafasi ya kuaga. Lakini tunapohama kwa ajili ya kodi au kazi, tuna siku kadhaa. Tuzitumie.

Mwache mtoto aage. Amwage jirani, mwalimu, mbuzi, mti aliokuwa anaupanda. Usimcheke akiaga mti. Kule kwetu mtu mzima hawezi kuondoka bila kupita kwa majirani kuwaambia kwaheri; kwa nini mtoto aondoke kama mwizi? Na kama mliondoka bila kuaga, mnaweza kuaga hata mkiwa mmefika. Ketini jioni, kila mmoja aseme kitu kimoja anachokikumbuka cha nyumba ya zamani. Watoto wangu walichora nyumba yetu kwa mkaa nyuma ya karatasi ya sabuni, na mmoja akachora hata kuku. Tulilia kidogo, tukacheka pia.

Mpe kila mtoto kitu kimoja cha kubeba yeye mwenyewe, kilicho chake: kikombe, kitambaa alichokuwa analalia, mpira wa makaratasi. Usiseme ni takataka. Kwenye mkeka mpya usiku wa kwanza, kitambaa hicho kina harufu ya nyumbani.

Nawe mama, kabla ya sufuria, weka pamoja katika mfuko mmoja usioingia maji: karatasi ya kuzaliwa ya kila mtoto, karatasi ya chanjo, na buletini ya shule. Nimeona mtoto akipoteza mwaka mzima wa masomo kwa sababu ya buletini iliyobaki chini ya godoro.

Juma la kwanza katika nyumba mpya

Mtoto hatatulia kwa sababu nyumba ni nzuri. Atatulia akijua nini kitafuata. Kwa hiyo, hata kama mmelala katika darasa la shule au chini ya shitingi, rudisha mpango wa siku haraka iwezekanavyo: kuamka, kunawa, kula, kazi, kucheza, kulala, kwa saa zile zile. Kama mlikuwa mnaomba au mnaimba kabla ya kulala, ombeni na imbeni usiku wa kwanza, kabla hata ya kufungua mizigo. Kama ulikuwa unawasimulia hadithi za sungura na fisi, simulia zile zile wanazozijua. Usitafute mpya, wanataka ile ambayo mwisho wake wanaujua.

Watembeze. Kesho yake shika mkono wa mtoto, mwonyeshe choo, mahali pa kuchota maji, nyumba ya shefu wa avenyu, njia ya shule na njia ya kurudi. Mfundishe kusema jina lake, jina la mama yake na jina la avenyu. Mtoto aliyepotea sokoni siku ya pili hatasahau hofu ile upesi.

Mpe kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunatumia methali hii kumsema mgeni mvivu, lakini kwa mtoto ni dawa. Mtoto anayefagia mlango wa nyumba mpya, anayepanga vikombe, anayepanda lengalenga nyuma ya nyumba, anaacha kuwa mgeni. Kazi iwe ndogo na iwe yake. Simaanishi kumgeuza mtumishi wa nyumba aliyopokelewa, maana hilo nalo linatokea, na ni dhambi.

Usisahau mwili. Watoto wa kule juu hawajazoea malaria kama watoto wa hapa ziwani, kwa hiyo inawapiga kwa nguvu zaidi. Tafuteni chandarua tangu usiku wa kwanza, na mtoto akipata homa msingoje siku tatu; mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maji ya ziwa na ya mto yasinywewe hivi hivi: Uvira tunaujua ugonjwa wa kolera tangu zamani. Na ziwa lenyewe linavuta macho ya mtoto ambaye hajawahi kuliona. Mpeleke wewe mwenyewe, alione pamoja nawe, na mwambie ukweli: maji haya yana kina, yana mamba na viboko, na mtu asiyejua kuogelea haingii peke yake. Ukimkataza tu bila kumwonyesha, ataponyoka na wenzake siku usiyoijua.

Kwa wale walioonja mafuriko, shida ni mvua. Mtoto aliyeona maji yakiingia usiku anatetemeka kila wingu likitanda. Usimwambie "si kitu," maana anajua ni kitu. Mwonyeshe mpango: "Maji yakija tutapita njia hii, tutapanda pale, mimi nitambeba mdogo wako, wewe utashika nguo yangu." Mazoezi mawili ya kutembea njia hiyo mchana yanamsaidia kulala usiku.

Shule na lugha

Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure katika nchi yetu. Mtoto aliyehama katikati ya mwaka naye ana haki ya kusoma. Nenda kwa direkta mapema, hata kabla ya kupata nyumba ya kudumu, maana shule inarudisha mpango wa siku kuliko dawa yoyote. Mwambie mwalimu waziwazi mtoto ametoka wapi na ameona nini. Omba akae karibu na mtoto mwenye moyo mzuri.

Lugha ni mlima mwingine. Watoto wengi wa Bijombo wanazungumza Kifuliiru, Kinyindu, Kibembe au Kinyamulenge nyumbani, na Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Huku mjini wanachekwa. Mwana wangu alisema neno moja vibaya darasani, wakalifanya kuwa jina lake la utani. Kila jioni tulijifunza maneno matano ya Kiswahili tukiwa tunachambua maharagwe, lakini lugha ya nyumbani hatukuiacha. Usimkataze mtoto lugha ya mama yake ili apendwe na wageni. Lugha ile ndiyo nyumba pekee ambayo hakuna aliyeweza kuichoma.

Mtoto mwenyeji naye amehama

Sasa nazungumza na wewe mama uliyepokea. Mungu akubariki, maana wengi wetu hatukukaa kambini. Tulikaa kwenu, tukala kwenye sufuria yenu. Lakini mtazame na mtoto wako. Jana alikuwa na mkeka wake; leo analala na binamu watatu. Jana nyama ilikuwa moja, ikagawanywa kwa wanne. Leo kwa tisa. Mama yake amechoka na hana wakati naye. Hakutoka mlangoni, lakini nyumba yake nayo imebadilika.

Akianza kuficha vitu vyake au kumpiga mgeni, usimwite mchoyo mbele ya watu. Mwite kando: "Najua ni vigumu. Kikombe hiki kinabaki chako. Mambo mengine tutagawana." Wifi yangu alifanya hivyo. Kila jioni alimchukua binti yake peke yake kuchota maji, wao wawili tu, dakika ishirini. Yule binti ndiye baadaye aliyempeleka kijana wangu shule kwa mkono.

Kuwagawa watoto kwa ndugu

Mahali pakiwa padogo tunawagawa watoto: mmoja kwa mjomba, mmoja kwa shangazi, mmoja abaki. Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini tujue bei yake.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, tangu mwezi wa tisa 1939, Uingereza iliwatoa watoto wengi London na miji mingine ili wasiuawe na mabomu, wakapelekwa vijijini kwa watu wasiowajua. Wanawake wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, walikuwa na nyumba za kulelea watoto wa vita huko Hampstead, London. Waliwachunguza watoto kwa makini, wakaandika jambo lililowashangaza watu: watoto wadogo waliobaki na mama zao, hata chini ya mabomu, mara nyingi walivumilia vizuri kuliko wale waliotengwa ghafla na mama zao na kupelekwa mahali pa usalama.

Basi kama ni lazima kugawa, mdogo abaki nawe, na ndugu wawili waende pamoja kuliko mmoja mmoja. Mpeleke mwenyewe, lala naye usiku mmoja pale. Mwambie siku utakayokuja kumwona, na siku hiyo ufike, hata kwa miguu. Usipoweza kufika, tafuta simu. Usimtoroke akiwa amelala ili asilie. Akiamka na kukuta haupo, ataogopa kulala.

Sisi wa chama tufanye nini?

Mama aliyefika jana hana nguvu za kufanya haya yote peke yake. Naye amefiwa, naye amepoteza. Ndiyo maana naomba kila kikundi chetu kichukue mambo manne.

Mama mgeni akifika katika avenyu, wawili wetu wamtembelee kabla ya juma kwisha, na mmoja aende pamoja na mtoto wa umri ule ule. Mtoto atamkaribisha mtoto vizuri kuliko sisi.

Mara moja kwa juma tukusanye watoto wacheze saa mbili: kamba, mpira, nyimbo, hadithi. Mchezo si kupoteza wakati. Mtoto anatoa uchungu wake anapocheza. Wakicheza kukimbia vita au kubebwa na maji, msiwakemee. Kaeni karibu, muwasikilize.

Katika saa hizo mbili mama mgeni apumzike, alie akitaka, asukwe nywele. Mama akipata utulivu, mtoto anaupata kwake.

Tusiulize kabila kabla ya kumpa mtoto uji. Watu wazima wamegombana. Watoto wote wamelala nje.

Wengi wa watoto hawa watatulia baada ya majuma kadhaa au miezi michache. Lakini kama baada ya miezi miwili au mitatu mtoto bado hali, halali, haongei, anajiumiza au anasema heri afe, usingoje zaidi. Mpeleke kituo cha afya, eleza kila kitu. Na kama alitendewa ubaya wa mwili njiani, mpeleke mara moja, kabla ya masaa 72 kupita, maana kuna dawa zinazosaidia tu zikitolewa mapema. Hata kama masaa hayo yamepita, nenda.

Kijana wangu sasa ni mkubwa, anakaribia kunipita kwa urefu. Mwaka jana mwenye parsele alitaka nyumba yake, tukahama tena, mitaa miwili tu kutoka pale. Jioni ya kuondoka nilikuwa nafunga sufuria, nikasikia binti yangu wa mwisho anamwuliza kaka yake kama watarudi kulala nyumba ile. Nikasimama, nikitaka kujibu. Yeye akanitangulia.

"Hapana," alimwambia. "Hatutarudi hapa. Lakini njoo nikuonyeshe kule utakapolala. Mkeka wako uko karibu na wangu."

Akamshika mkono, wakatangulia.